Tarehe 12 Ginbot: Hija ya Debre Libanos

Kila mwaka, tarehe 12 ya mwezi wa Ginbot kwa kalenda ya Ethiopia, ambayo kwetu huangukia 20 Mei, watu waliovaa meupe huonekana kwa wingi kwenye barabara ya Gojjam, ile inayotoka Addis Ababa kuelekea kaskazini. Wengine wamo ndani ya mabasi, wengine wanatembea kwa miguu, wazee wakiegemea fimbo na akina mama wakiwa na watoto mgongoni. Wote wanakwenda Debre Libanos, monasteri iliyo umbali wa kilomita zipatazo 100 kutoka mji mkuu, katika nchi ya Selale. Wanakwenda kuadhimisha siku ambayo mifupa ya mtawa mmoja ilitolewa kwenye kaburi lake la kwanza ikahamishiwa jingine, zaidi ya karne sita zilizopita.

Mwaka 1937 hija hiyohiyo ilitumiwa kuwa mtego.

Msafiri anayetoka Addis Ababa kwa mara ya kwanza hudhani amepotea njia. Ameambiwa anakwenda mlimani, lakini mbele yake hakuna mlima wowote. Nyanda za juu za Shewa zimelala wazi, mashamba ya tefu na shayiri yakifuatana na malisho ya ng'ombe na vichaka vya mikaratusi. Kisha, pasipo taarifa, ardhi inakatika. Upande wa kulia linafunguka korongo la mto Jemma, mmoja wa mito inayoulisha Abbay, yaani Nili ya Buluu, na barabara ndogo inachepuka na kuanza kuteremka. Kwa hiyo mlima wa Debre Libanos huufikii kwa kupanda, unaufikia kwa kushuka. Monasteri imekaa katikati ya mteremko, nyuma yake genge linalotiririka maji, mbele yake shimo la bonde. Kandokando ya njia nyani wa gelada, wenye manyoya marefu kama joho na alama nyekundu kifuani, wameketi chini wakichuma majani kwa vidole kama watu wanaochambua mboga.

Katika Kigeez, lugha kongwe ya ibada ya Wahabeshi, neno "debre" lina maana ya mlima, na neno hilohilo lina maana ya monasteri. Si jambo la kubahatisha. Tangu karne ya 6, watawa wa nchi hiyo walipenda kukaa mahali ambapo mtu hafiki kwa urahisi. Debre Damo, kule Tigray, iko juu ya jabali ambalo hadi leo hupandwa kwa kamba, kimo cha mita 15 hivi, na wanawake hawaruhusiwi kabisa kupanda. Ukiwa na mlima, una ulinzi, una ukimya, na una sababu ya mtu kujiuliza mara mbili kama kweli anataka kuja.

Mtawa huyo ambaye mifupa yake huadhimishwa, na aliyeufanya mteremko wa Selale kuwa "debre", ni Tekle Haymanot, jina lenye maana ya Mmea wa Imani. Mapokeo yanasema alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 13 katika eneo hilohilo la Shewa. Alisoma kaskazini kwa miaka mingi, kwanza kwa Iyasus Moa, mtawa mashuhuri wa ziwa Hayq, kisha Debre Damo. Ndipo akarudi kusini, akaingia katika pango lililo kwenye genge, na mwaka 1284 akaanzisha jumuiya yake ndogo. Mahali hapo paliitwa Debre Asbo. Jina la Debre Libanos, Mlima wa Lebanoni, lilitolewa mwaka 1445 na Mfalme Zara Yaqob.

Picha yake inapatikana karibu katika kila kanisa la Ethiopia, na haiwezi kuchanganywa na ya mtakatifu mwingine. Mzee mwenye ndevu nyeupe amesimama kwa mguu mmoja, mikono imeinuliwa, na mgongoni ana mabawa sita. Mguu wa pili uko kando yake, umekatika. Waumini husimulia kwamba alisali akiwa amesimama wima pangoni miaka mingi, na katika saba ya mwisho alisimama kwa mguu mmoja hadi ule mwingine ukaachana na mwili. Kuhusu mabawa, wanasema aliyapata Debre Damo: alipokuwa akishuka kwa kamba, shetani aliikata, na Mungu akampa mabawa kabla hajafika chini. Wakopti wa Misri nao humwadhimisha.

Habari hizi zote zinatokana na kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na watawa wa Debre Libanos vizazi vingi baada ya yeye kufa. Ni vema kukisoma kwa kukumbuka ni akina nani walioshika kalamu. Humo imo pia simulizi kwamba yeye ndiye aliyemsaidia Yekuno Amlak kutwaa kiti cha ufalme mwaka 1270 na kurudisha ukoo unaojihesabu kuwa wa Mfalme Sulemani, na kwamba kanisa likalipwa theluthi ya nchi kwa msaada huo. Wanahistoria hawaikubali simulizi hii, na wafuasi wa Iyasus Moa wa Hayq nao walidai sifa hiyohiyo kwa ajili ya mwalimu wao. Hata hivyo, simulizi yenyewe inafichua jambo la kweli: kufikia wakati ilipoandikwa, Debre Libanos ilikuwa na haja ya kueleza kwa nini ilikuwa na nguvu kubwa kiasi kile.

Nguvu hizo zilikuwa za ajabu. Tangu karne ya 4 hadi karne ya 20, askofu mkuu wa Ethiopia, Abuna, alikuwa Mmisri aliyetumwa kutoka Aleksandria. Mara nyingi alifika hajui lugha ya nchi wala desturi zake, na hakuwa na ukoo wala marafiki. Aliyeyajua mambo ya ndani, aliyewasimamia watawa na kusikilizwa ikulu, alikuwa mkuu wa Debre Libanos, mwenye cheo cha Ichege. Kwa karne nyingi Mhabeshi wa kawaida alihitaji Abuna ili apewe upadri, lakini alimtazama Ichege kuwa ndiye mwenye kanisa.

Wala watawa hao hawakuwa vibaraka wa ikulu. Philippos, mkuu wa tatu wa monasteri, alimkemea waziwazi Mfalme Amda Seyon, mtawala wa nusu ya kwanza ya karne ya 14, kwa sababu ya ndoa zake zilizovunja sheria ya kanisa. Alichapwa, akahamishwa, na watawa wake wakatawanywa. Mfalme huyo alikuwa Mkristo, na ni vizuri hilo likumbukwe, kwa maana historia ya mahali hapa husimuliwa mara nyingi kana kwamba adui alitoka nje siku zote.

Wa nje nao walikuja. Katika vita vya Imamu Ahmad ibn Ibrahim, yule ambaye Wahabeshi humwita Gragn, yaani mwenye mkono wa kushoto, kikosi chake kilifika Debre Libanos Julai 1531. Watawa walijaribu kulikomboa kanisa kwa fidia, haikukubaliwa, na moto ukawashwa. Arab Faqih, mwandishi aliyekuwa upande wa Imamu na aliyeandika kwa kumsifu, anasimulia kwamba watawa walijitupa wenyewe ndani ya moto ule. Hakuwa na sababu ya kuwapendelea, na ndiyo maana maneno yake yana uzito.

Miaka kumi baadaye walifika Wareno 400 kumsaidia mfalme wa Ethiopia, wakiongozwa na Cristóvão da Gama, mtoto wa Vasco da Gama yuleyule ambaye Mombasa na Malindi zilimwona mwaka 1498. Ujio wao umeacha kumbukumbu iliyokaa mahali pasipo pake. Karibu na monasteri kuna daraja la mawe juu ya kijito kinachotumbukia korongoni, na kila mgeni huambiwa ni "daraja la Wareno", lililojengwa kwa chokaa iliyochanganywa na mayai ya mbuni. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa amri ya Ras Darge, ami yake Mfalme Menelik II na mtawala wa Selale. Inasikitisha kuona kazi ya Mwafrika ikipewa jina la mgeni aliyekuwa ameondoka zamani, na inafaa daraja hilo liitwe la Ras Darge.

Baada ya moto wa 1531 monasteri haikusimama tena upesi. Katika karne ya 17, vita vilipoendelea Shewa, Mfalme Fasilides alimpa Ichege jumba lake la Azezo, karibu na Gondar, na wakuu wa Debre Libanos wakaishi huko, mbali na kaburi walilokuwa wakilitunza. Wakati Mfalme Iyasu I alipozuru mwaka 1699 ndipo kazi ya kujenga upya ilipopata nguvu. Kwa muda wote huo mahujaji hawakukoma. Waliokuja hawakufuata jengo. Walifuata pango, maji na mifupa, vitu ambavyo havikuungua.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kanisa lilipokuwa likijengwa tena, wachimbaji wa msingi waliokota pete ya dhahabu yenye maandishi. Gavana kijana wa Selale aliichukua akampelekea Menelik kwa mkono wake. Kijana huyo alikuwa Tafari Makonnen, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Haile Selassie, na kisa hicho alikiandika mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake.

Waitalia waliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936, na Haile Selassie akaenda uhamishoni. Ichege wa wakati huo, Gebre Giyorgis, naye akaondoka nchini, akakaa Yerusalemu. Waliobaki walilipa. Abuna Petros, mzaliwa wa Fiche, mji jirani na monasteri, alipigwa risasi hadharani Julai mwaka huo kwa sababu alikataa kuwaambia waumini wautii utawala mpya. Desemba wana wawili wa Ras Kassa, Aberra na Asfawossen, wa ukoo wa Ras Darge, waliuawa Fiche kwenyewe baada ya kujisalimisha.

Kisha ikaja tarehe 19 Februari 1937, kwao 12 Yekatit 1929. Mkuu wa utawala wa Kiitalia, Rodolfo Graziani, aliitisha sherehe ya kugawa sadaka kwa maskini katika jumba ambalo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa. Vijana wawili wa Kieritrea, Abraha Deboch na Mogos Asgedom, wakarusha mabomu ya mkono. Graziani alijeruhiwa, hakufa. Kwa siku tatu wakazi wa mji walipigwa risasi, walichomwa ndani ya nyumba zao na kukatwa kwa majembe na shoka. Mtafiti Ian Campbell amekadiria waliouawa kuwa karibu 19,000. Maelfu walikamatwa, na wengi wakasafirishwa hadi kambi ya Danane, katika pwani ya Somalia, ambako joto na maradhi viliwamaliza watu wa nyanda za baridi.

Wapelelezi wakadai kwamba vijana wale wawili walipitia Debre Libanos walipokuwa wakitoroka. Kwa Graziani hilo lilitosha. Alimwagiza Jenerali Pietro Maletti aimalize monasteri, na Maletti akaizingira katika siku zilezile ambazo watu walikuwa wakiteremka genge kwa ajili ya 12 Ginbot. Mtu anayehiji hana silaha. Amebeba chakula chake cha njiani, shuka lake na chupa ya kuchotea maji ya baraka, na pengine amemleta mgonjwa. Watu wa namna hiyo waliingia katika duara la bunduki kwa miguu yao wenyewe.

Tarehe 21 Mei malori yaliwabeba, watawa na mahujaji, hadi Laga Wolde, bonde lililojificha upande wa pili wa Fiche, mbali na macho ya barabara. Wakashushwa, wakapangwa, wakauawa kwa bunduki za rashasha. Waliofyatua walikuwa askari wa kikoloni. Waitalia waliwaita "ascari", na neno hilo ni ndugu wa askari wetu, maana yote mawili yametoka katika Kiarabu. Makamanda walichagua kikosi cha Waislamu kwa makusudi, kwa sababu askari wengi wa Eritrea walikuwa Wakristo wa madhehebu yaleyale na huenda wangegoma. Hivyo watu wa dini mbili waliokuwa majirani kwa karne nyingi waligeuzwa silaha na shabaha. Lawama ya jambo hilo iko kwa aliyetoa amri, na aliyetoa amri anajulikana kwa jina.

Graziani hakuficha. Alipeleka taarifa Roma kwa simu ya maandishi: watawa 297 na watu wengine 23 aliowaita washirika wao. Siku chache baadaye akaona haitoshi, akaagiza mashemasi nao wauawe, vijana waliokuwa wakijifunza kusoma Kigeez na kuimba ibada. Walipelekwa upande wa Debre Berhan, mahali paitwapo Engecha, wakauawa 129. Jumla ya hesabu ya Waitalia ikawa 449.

Hesabu hiyo ilikaa vitabuni zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1990 Campbell na mwenzake wa Kiethiopia, Degife Gabre-Tsadik, walikwenda Selale kuwauliza wazee. Walizungumza na walioona malori, na waliosikia milio ya bunduki wakiwa watoto wachungaji. Walionyeshwa mifupa Laga Wolde, ikiwa bado imelala palepale. Walipomaliza kulinganisha ushahidi, makadirio yao yalikuwa kati ya watu 1,423 na 2,033. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili ni hao mahujaji: wakulima, wanafunzi na wageni wa sikukuu ambao hawakuwa kwenye orodha ya monasteri, kwa hiyo aliyewaua hakuona sababu ya kuwaandika.

Mwanzoni mwa 1941 jeshi jingine, la Waingereza, liliivuka mipaka ya kusini ya Ethiopia. Ndani yake walikuwamo askari wa KAR, kikosi cha kikoloni cha Waingereza, kutoka Kenya, Tanganyika na Uganda, wengi wakizungumza Kiswahili kambini na vitani. Tarehe 6 Aprili Addis Ababa ilikuwa mikononi mwao na wenzao. Haile Selassie, aliyekuja kwa upande wa Gojjam, aliingia mjini tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili baada ya Waitalia kuuteka. Wazee wetu waliorudi kutoka huko waliziita siku zile "vita vya Uhabeshi", na simulizi zao zinastahili kuandikwa kabla hazijapotea pamoja na watoto wao.

Graziani hakushtakiwa kamwe kwa yaliyotendeka Ethiopia. Mwaka 1950 mahakama ya Italia ilimhukumu kifungo cha miaka 19 kwa kushirikiana na Wanazi, na katika muda wa miezi michache akawa huru. Alikufa 1955. Mwaka 2012 mji wa Affile, karibu na Roma, ulizindua mnara wa kumuenzi.

Gebre Giyorgis, Ichege aliyesalimika kwa kuwa Yerusalemu, alirudi nyumbani akakuta jumuiya yake imefagiwa. Mwaka 1951 aliwekwa kuwa Abuna kwa jina la Basilios, mzalendo wa kwanza kushika kiti kilichokuwa cha Wamisri tangu karne ya 4, na mwaka 1959 akawa Patriaki wa kwanza wa Ethiopia. Tangu hapo vyeo viwili vya zamani vimeungana katika mtu mmoja, na hadi leo Patriaki wa Ethiopia hutajwa pia kuwa Ichege wa kiti cha Tekle Haymanot.

Kanisa kubwa la kuba linaloonekana sasa kutoka juu ya korongo lilijengwa kwa amri ya Haile Selassie na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lina vioo vya rangi vinavyomwaga mwanga mwekundu na wa buluu sakafuni. Mlangoni viatu vinavuliwa. Ndani, wakati wa ibada ya sikukuu, makuhani husimama saa nyingi wakiegemea fimbo ndefu zenye kichwa kama herufi T, njuga za chuma zikilia taratibu mkononi na ngoma kubwa ikijibu. Wanaimba Kigeez, lugha ambayo hakuna mtoto anayenyonyeshwa nayo tena, lakini mashemasi wanaendelea kuikariri kama wale 129 walivyofanya.

Kutoka kanisani njia inapanda kwenye genge hadi pangoni. Ni mwendo mfupi, ila mwinuko ni mkali, na wagonjwa husaidiwa na jamaa zao. Ndani ni giza na ubaridi. Maji yanadondoka kutoka mwambani, tone baada ya tone, na mtawa anayakinga, kisha huwanyunyizia waliopiga magoti au kuwajazia chupa za plastiki walizokuja nazo. Hakuna anayeharakishwa. Mama anaweka kiganja chini ya tone, anasubiri lijae kidogo, kisha anampangusa mtoto usoni.

Kuzikwa Debre Libanos ni heshima ambayo waumini wengi wameitamani kwa vizazi, na makaburi yameenea kwenye mteremko wote. Waliouawa 1937 hawakupata heshima hiyo siku ile. Walikuwa wamefika mahali ambapo kila mtu angependa kulazwa, wakatolewa na kupelekwa kufia mahali pasipo msalaba wala sala.

Mwenye kwenda Ethiopia, awe mhujaji au mtalii, atapelekwa kanisani, ataonyeshwa pango, na pengine atapigwa picha darajani. Asiondoke bado. Aulize njia ya Laga Wolde. Wenyeji wa Selale wanaijua.